Mwanamke Aliyewachosha Samaki wa Umeme

Kuna kitabu cha Kifaransa, kimepigwa kwa mashine ya chapa na kufungwa kwa jalada la kijani, ambacho ndani yake mna mwanamke mmoja wa Kisangani. Jina lake halimo. Ameandikwa mistari miwili tu, na mistari hiyo inasema kwamba alikuwa mzembe. Ukiondoa kadi ya chama, ambayo kila mtu wa Zaire alivikwa apende asipende, hakuna karatasi nyingine iliyowahi kumtaja. Aliitwa Nyota, binti wa Assumani fundi cherehani, na maisha yake yalikuwa hivi.

Alizaliwa mji ulipokuwa bado unaitwa kwa jina la Mzungu. Watu wa kwao walikuwa Waislamu wa zamani, wale ambao babu zao walikuja na misafara ya pembe wakabaki. Shule ya karibu ilikuwa ya mapadri, na mapadri walitaka kumwaga maji kichwani kabla ya kutoa chaki. Assumani akasema mtoto wake hatamwagiwa maji na mtu. Kaka zake wakapelekwa kwa mwalimu wa Kurani. Yeye akapelekwa mtoni kuosha samaki. Hakuna aliyemuuliza. Baadaye, akiwa mtu mzima, alikuwa akisema kwamba watu wawili walimfungia mlango wa shule, padri na baba yake, na kwamba hilo ndilo jambo pekee waliloelewana maishani.

Aliolewa, na mwaka wa vita mume wake alitoka kutafuta chumvi asirudi. Hakumwachia mtoto. Nyota akaanza kununua samaki kwa Wagenia, wale wavuvi wa kwenye maporomoko, na kuuza ufukoni pale Makiso, karibu na bandari. Lakini mjane mgeni sokoni hapewi samaki mzuri. Waliomtangulia walikuwa na wavuvi wao na wateja wao. Yeye aliachiwa yule samaki ambaye wenzake hawakutaka kumgusa, samaki wa umeme, ambaye kwa Kilingala huitwa nina.

Ni samaki asiye na magamba, ngozi yake laini na nene kama mpira uliolowa, midomo minene, macho madogo ya mtu aliyelala vibaya. Ukimshika anakupiga. Mkono unaruka wenyewe hadi begani, na meno yanagongana. Lakini nyama yake ina mafuta, na wake wa askari walimpenda.

Kwa hiyo kulikuwa na namna ya kumuuza, na Nyota aliijua kuliko mtu yeyote ufukoni. Kabla ya kumpa mteja, unamweka ndani ya beseni la maji na kumsumbua kwa bapa la kasia. Unamgusa, anapiga. Unamgusa tena, anapiga. Mara ishirini, mara thelathini, mpaka nguvu zake zinaisha. Kisha unatia ncha ya kidole. Ukisikia kama chungu anatembea tu, samaki amekwisha, mpe mwenyewe aende naye. Kumpa mteja nina aliyejaa nguvu kulikuwa ni matusi; aliyefanya hivyo angezomewa na ufuko mzima. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu ya biashara ile.

Kwa adabu hiyo, miaka ikapita, akapata wateja wengi, wakafuata na samaki wengine, na mwishowe akapata meza. Meza ya saruji, chini ya mabati, ya tatu kutoka kwenye bomba la maji. Wauza samaki wenye meza za saruji walikuwa kumi na mmoja tu. Wengine wote walikaa chini kwenye tope.

Mwaka wa sabini na sita alikuja kijana mmoja mwembamba, amevaa abakosti, ile suti ya Zaire isiyo na tai, iliyopwaya mabegani. Alikuwa msaidizi wa maprofesa kwenye chuo, upande wa mambo ya wanyama. Wazazi wake walikuwa wakulima kule Yahuma. Alibatizwa Lambert, lakini serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya namna hiyo, basi kazini aliitwa citoyen, yaani mwananchi, Lofemba.

"Mama," alisema, "nataka nina wazima. Wawili kila juma."

"Unapika kwa mafuta ama kwa maji?"

"Sipiki. Natafuta neva yao."

"Neva ni nini?"

"Ni uzi. Uzi wa ndani ya mwili unaopeleka habari. Kichwa kinasema piga, uzi unapeleka, nyama inapiga."

Safi, mwenzake wa karibu, ambaye hakuwa na meza na aliuza akiwa amechuchumaa, akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. "Nyota, shika huyu! Umepata mutu anakula uzi, anaacha samaki!"

Nyota hakucheka. Alimtazama yule kijana mikono. Ilikuwa mikono laini, ya kalamu, vidole kama vya msichana. Akamwonea huruma. Kila Jumanne na Ijumaa alichagua nina wawili wazuri, akawasumbua kwa kasia mpaka nguvu zote zikaisha, akajaribu kwa kidole, akawatia kwenye beseni, akajitwika na kutembea nao mpaka maabara. Alifanya hivyo miaka miwili. Alijiona anamtendea wema.

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya wavu. Humo mlikuwa na mlinzi, papa Daudi, mtu wa Maniema, ambaye alisoma mpaka darasa la sita na kujua Kifaransa cha kutosha kuwatisha wasiojua. Yeye ndiye aliyemwambia Nyota kwamba kazi ya kijana inakwenda vibaya.

"Analia, mama. Nilimukuta analia na ile mashine mbele yake."

"Analilia nini?"

"Samaki banakataa."

Mambo yalikuwa hivi. Ndani ya nina, kila upande wa mwili, kuna uzi mmoja mkubwa wa neva, na uzi huo mzima unatoka kwenye chembe moja tu, kubwa ajabu, iliyoko nyuma ya kichwa. Wanyama wengine wana nyuzi maelfu zilizosukwa pamoja, huwezi kujua upi unasema nini. Kwa nina ni mmoja, unaonekana kwa macho. Lofemba alikata kipande cha ngozi pamoja na uzi wake, akakilaza kwenye kisahani cha maji ya chumvi, akaugusa uzi kwa waya mdogo, na kwenye kioo cha mashine mstari wa kijani uliruka mara mbili. Pigo la kwanza, dogo, lilikuwa la uzi. La pili, kubwa, lilikuwa la nyama ikijibu. Lakini kwa Lofemba la pili halikuwa kubwa. Lilikuwa dogo, au halikutokea kabisa. Profesa wake aliyekuwa Ulaya alimwandikia barua kumuuliza kama anajua kushika waya.

Siku moja alikuja mwenyewe sokoni, maana Nyota alikuwa amechelewa. Akamkuta ameinama juu ya beseni, kasia mkononi.

"Mama, unafanya nini?"

"Naimaliza nguvu. Ni ya kwako hii, ngoja kidogo."

"Ya kwangu?"

"Ndiyo. Zote za kwako naimalizaka vile. Nilikuonea huruma, mwana yangu. Mikono yako ile, ingekuangusha chini."

Lofemba akashika kichwa. Akazunguka. Akapiga kelele ya Kifaransa, halafu ya Kilingala, halafu ya lugha ya kwao, na wanawake wote wakageuka kumtazama. "Miaka miwili! Mama, umeniua! Unaniletea maiti miaka miwili!"

"Maiti gani? Si inaogelea?"

Safi akasema, "Muache, huyu amekula ule uzi, sasa unamukaba."

Soko likacheka. Lofemba akaondoka bila samaki. Nyota akabaki na kasia, uso unamwaka, kama mtu aliyempikia mgeni chakula kizuri akaambiwa ni sumu.

Kesho yake asubuhi Lofemba alirudi. Hakuwa na hasira tena. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, lakini yalicheka. Alichuchumaa kando ya meza na daftari kwenye goti.

"Mama Nyota, niambie polepole. Ukiisha kuimaliza, inakuwa imekufa?"

"Hapana. Imechoka tu."

"Imechoka wapi?"

Nyota akafikiri. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali kama hilo. "Si kichwani," akasema. "Ukiigusa, bado inataka kupiga. Mwili unajikaza vilevile kama kwanza. Unaona kabisa imesema piga. Lakini haitoki kitu. Ni kama mutu anaita watoto chakula wakati chungu hakina kitu."

Lofemba aliacha kuandika. "Rudia."

Akarudia.

"Na nguvu inarudi?"

"Inarudi. Ukiiacha siku moja, unasikia kidogo. Siku mbili, imejaa. Wakati wa kujaza haijazi yote mara moja. Kwanza inapiga moja nzuri halafu inaisha. Kesho yake tatu. Halafu ndiyo inajaza."

Aliandika yote hayo. Aliandika mpaka ukurasa ukaisha, akageuza. Na hicho ndicho kilichokuja kuwa kitabu. Kwamba uzi hauchoki. Kwamba habari inafika salama mpaka mwisho wa uzi, na pale ambapo uzi unagusana na nyama kuna akiba ya kitu fulani, kama maji kwenye mtungi, na akiba hiyo ikiisha uzi unaweza kuita mpaka jua litue, nyama haisikii. Mambo haya, alimwambia baadaye, wataalamu wa ng'ambo walikuwa wakiyatafuta kwa ngisi wa baharini mwenye uzi mnene, na yeye alikuwa na mto mzima mbele ya mlango na hakujua.

"Mama," alisema siku ile, "acha soko. Njoo maabara. Nataka samaki waliojaa na samaki waliochoka, na katikati yao, waliorudi nusu. Nani mwingine anajua hayo? Nitakuombea namba. Utakuwa mfanyakazi wa serikali, na matricule yako."

Matricule ilikuwa neno kubwa Zaire ile. Mwenye matricule alikuwa mtu. Akiugua, anapokelewa. Akizeeka, kuna dirisha ambalo anaweza kwenda kusimama mbele yake. Nyota alikuwa na miaka thelathini na saba, hakuwa na mume wala mtoto wa kumtunza uzeeni. Alifikiri siku tatu.

Akampa Safi meza.

"Uniangalilie," alimwambia. "Nisiipoteze."

"Nitaiangalia kama macho yangu," alisema Safi, na kabla Nyota hajafika barabarani alikuwa amekwisha kupanga samaki wake juu yake.

Alifanya kazi maabara miaka sita. Alijenga matangi ya saruji pamoja na fundi, akajua maji yabadilishwe lini, akajua kwamba nina wawili ndani ya tangi moja wanapigana mpaka wote wanakuwa bure, akajua kumtia samaki usingizi kwa maji baridi kabla ya kisu. Alipanga matangi kwa mafungu: waliojaa kushoto, waliochoka kulia, wanaorudi katikati. Hakujua kusoma, basi kila tangi alilichora alama kwa mkaa, na Lofemba alinakili alama zile kwenye daftari akizipa namba. Umeme wa mji ulipokatika, na ulikatika mara nyingi, mashine ilikufa katikati ya kazi. Hapo Lofemba alimwita, "Mama, kidole," naye akatia kidole, akasema huyu amefika nusu, huyu bado. Na umeme uliporudi, mashine ilisema vilevile.

Kila mwaka aliuliza habari za matricule.

"Mwaka kesho, mama. Nikimaliza thèse, kile kitabu changu cha chuo, nitakuwa na sauti. Sasa mimi mwenyewe ni nani?"

Na kwa kweli hakuwa mtu. Viatu vyake vilifungwa kwa waya. Walikula lituma, ndizi za kupondwa, pamoja kwenye sahani moja, wamekaa juu ya ukingo wa matangi. Alimwita mama, na Nyota alifikiri ni mwana. Hilo ndilo lililomponza kuliko lile la meza.

Mwaka wa themanini na nne siku ya kutetea kazi ikafika. Ukumbi ulijaa. Wakubwa wa chuo, wakubwa wa chama, wanafunzi madirishani, na mbele kabisa mzee mmoja Mzungu aliyekuja kutoka Ulaya kusikiliza na kuuliza. Lofemba alikuwa na abakosti mpya. Nyota alivaa kitenge chake cha sikukuu na kukaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na beseni lake miguuni, maana baada ya maneno kulikuwa na maonyesho, na samaki wa maonyesho alimchagua yeye. Alimpumzisha siku tisa. Juma lile orodha ya watu wa kupewa matricule ilikuwa inasubiri sahihi ya Lofemba. Papa Daudi aliiona juu ya meza.

Lofemba alisema Kifaransa muda mrefu. Daudi alikaa kando ya Nyota na kumtafsiria chinichini.

"Sasa anasema uzi ni mmoja tu... Sasa anasema habari za mashine... Mzungu anauliza."

"Anauliza nini?"

"Anauliza, wazo la kuwachosha samaki kwanza, ulilipata wapi?"

Nyota akajinyoosha kwenye kiti. Akatengeneza kitenge mabegani, kama mtu anayejua ataitwa.

Lofemba akajibu. Alijibu upesi, mikono nyuma. Daudi akaacha kutafsiri.

"Anasema nini?"

"Ngoja, mama."

"Daudi, anasema nini?"

"Anasema... mwanzoni kazi iliharibika miaka miwili. Anasema ilikuwa kosa la muuza samaki. Kwamba alikuwa analeta samaki wabovu. Anasema yeye, kwa kuchunguza, aligundua lile kosa, akapata wazo." Daudi akajifuta shingo. "Iko kwenye kitabu vilevile. Anasema négligence."

"Ni nini hiyo?"

"Uzembe, mama."

Kuna hasira inayopanda polepole na kuna ile inayokuinua kabla hujajua umesimama. Nyota alijikuta wima. Na sauti aliyokuwa nayo ilikuwa ya sokoni, ya kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara.

"Lambert! Sema vizuri! Nilikuwa namaliza nguvu yake kwa sababu nilikuonea huruma wewe! Na nani alikuambia inachoka wapi? Nani alikuambia inarudi lini? Sema mbele ya huyu muzee!"

Ukumbi mzima uligeuka. Mtu wa chama aliyekaa mbele alikunja uso, kwa kuwa jina lililopigwa marufuku lilikuwa limeitwa hadharani. Mzee Mzungu, mkono sikioni, akamwuliza Lofemba kitu. Lofemba akatabasamu. Akasema maneno machache.

Na uso wa yule mzee ukang'aa. Akamwinamia Nyota kichwa, akapiga makofi laini, na watu waliokuwa karibu naye wakapiga pia. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja Nyota aliamini kwamba amesikika. Machozi yalimjia. Akainama kwa Daudi.

"Amemwambia nini?"

Daudi alikuwa anatazama viatu vyake.

"Amemwambia samaki iko tayari."

Daudi alijua Kifaransa. Angeweza kusimama na kusema sivyo. Lakini Daudi alikuwa na matricule tangu mwaka wa sabini na moja, na watoto saba.

Na Nyota? Watu husimulia mambo kama haya na kusema yule mwanamke alimwaga beseni, akatoka kifua mbele. Hakumwaga. Orodha ilikuwa inasubiri sahihi. Hakuwa na meza tena, alikuwa na orodha ile tu. Alibeba beseni, akapita katikati ya ukumbi, akaliweka mbele ya Lofemba bila kumtazama. Lofemba akatumbukiza waya mbili zenye taa ndogo, akamgusa samaki, na taa ikawaka nyeupe hata wanafunzi wa madirishani wakaguna. Akamgusa tena na tena kwa bapa la mti, mpaka taa ikawa nyekundu, ikawa kama kaa la sigara, ikazima. Kisha kwenye mashine akaonyesha, kwa samaki mwingine aliyetayarishwa, kwamba uzi bado unaita. Hakukosea hata mara moja. Samaki wa siku tisa hawezi kukukosesha. Walimpa daraja la juu kabisa.

Juma lililofuata Nyota alikwenda ofisi ya wafanyakazi. Citoyenne aliyekuwa pale aliitwa Angélique na wanaomjua. Alikuwa mtu wa heshima, alimpa kiti.

"Maabara ya samaki," alisema akipitisha kidole kwenye karatasi. "Hakuna pendekezo, mama."

"Tazama vizuri. Nyota Assumani."

"Nimetazama. Citoyen Lofemba hakuweka mutu." Akamtazama usoni. "Mama, si wewe ule wa kwenye kitabu? Wakubwa wote banasoma ile kitabu sasa. Hata angekuweka... mutu gani atatia sahihi?"

Alimpata Lofemba kwenye ngazi za maabara, anateremsha masanduku. Alikuwa amepata nafasi ya kwenda kuendelea na masomo Ulaya. Alipomwona aliweka sanduku chini.

"Mama, usinikasirikie."

"Ungenyamaza tu," alisema Nyota. "Ungesema umeota. Ungesema Mungu alikuambia. Kwa nini kuniandika muzembe?"

"Nilikuwa na miaka miwili ya namba mbaya. Nisingeweza kuzificha, profesa alizijua. Zilihitaji sababu."

"Na ndiyo mimi sababu."

"Kama ningesema wazo limetoka sokoni, wangeniuliza, na wewe, miaka nane, ulifanya kazi gani? Unajua mambo ya pale juu. Mutoto wa mukulima wa Yahuma akikosea mara moja, haitwi tena." Akafungua sanduku, akatoa kitenge kipya kilichokunjwa. "Chukua, mama. Nilikununulia."

"Na matricule?"

"Nikirudi."

Nyota aliacha kitenge kile mkononi mwa Lofemba. Kilikuwa kizuri. Hilo pia lilimuuma, kwamba kilikuwa kizuri na kwamba alikipenda kabla hajakataa.

Akarudi sokoni. Meza ya tatu kutoka kwenye bomba ilikuwa imepakwa rangi ya bluu, na nyuma yake alikaa Safi pamoja na mke wa mwanawe, Florentine, mwenye mimba kubwa.

"Safi, nimerudi."

"Karibu! Umenenepa kwa chakula cha serikali!"

"Nimerudi kwa meza yangu."

Safi akaendelea kukata samaki. "Meza gani?"

"Hii. Nilikuachia uniangalilie."

"Miaka sita, Nyota! Mutu anaangalia kitu miaka sita? Hata mume ukimwachia mutu miaka sita, si unamukuta na watoto?"

Soko likacheka, kama siku zote.

"Ulisema utaiangalia kama macho yako."

"Na nimeiangalia. Tazama rangi." Kisha, kwa sauti ya chini, bila mzaha: "Florentine anazaa mwezi ujao. Nimwambie aketi kwenye tope? Wewe hauna mutoto, Nyota. Keti hapa chini upande wa kivuli. Mutu asikusumbue, nitawaambia."

Hapakuwa na karatasi ya meza ile, wala ya jambo lolote lingine. Nyota akaketi chini. Na kwa kuwa wavuvi wake wa zamani walikuwa na wateja wengine sasa, alipata tena kile kilichobaki, nina, akaanza upya kuwachosha kwa kasia mbele ya wake wa askari, akiwa na miaka arobaini na mitatu, magoti kwenye maji ya samaki ya Safi yaliyotiririka kutoka mezani.

Katikati ya kiangazi cha mwaka uliofuata, mto ukiwa umepungua na miamba ya maporomoko inaonekana hata kutoka barabarani, alikuja msichana wa chuo. Alivaa miwani, na kwapani alikuwa na kitabu cha kijani. Alichuchumaa ili asizungumze naye kutoka juu, na Nyota aliliona jambo hilo.

"Jambo, mama. Papa Daudi amenituma. Anasema kuna mama anajua nina kuliko watu wote."

"Ndiyo mimi. Yule muzembe wa ukurasa wa thelathini."

Msichana aliona haya, akakificha kitabu upande wa nyuma. "Mimi sikuandika, mama."

"Najua. Unataka ngapi?"

"Watatu. Waliojaa, tafadhali, usiwachoshe. Nitawachosha mwenyewe kule, halafu nihesabu wanavyorudi." Alikuwa na vidole vyembamba, vyenye makovu ya wino. "Mama, niwapumzishe siku ngapi?"

Hapo kulikuwa na jambo ambalo Lofemba hakuwahi kuuliza, kwa kuwa samaki wake walikaa kwenye matangi yaliyotunzwa na mtu mwingine. Mto ukipungua, nina anayetoka humo ana njaa, na mwenye njaa hajazi kwa siku mbili. Hajazi hata kwa tano. Anayemhesabia siku mbili atapata namba mbaya, na atalia mbele ya mashine, na hatajua kwa nini. Nyota alilijua hilo kama alivyojua njia ya nyumbani kwake. Maneno yalifika mpaka mdomoni. Alimtazama yule msichana aliyechuchumaa, nusura aseme.

"Kitabu kinasema siku ngapi?" aliuliza.

"Mbili."

"Basi mbili."

Msichana akamshukuru mara tatu, akabeba ndoo yake kwa uangalifu, akienda upande upande ili maji yasimwagike. Nyota akanawa mikono, akamwita mteja mwingine.